Jalada Moja, Majina Mengi

Wilaya ya Tandahimba ilimegwa kutoka Newala mwaka 1995. Nanyumbu nayo ilikuwa sehemu ya Masasi. Je, jalada la shamba la mikorosho lililofunguliwa kabla ya mgawanyo huo liwekwe wapi katika kompyuta? Folda, kama kabati la masjala, hulipa mahali pamoja tu. Karani akilihifadhi chini ya Newala, mwenzake wa Tandahimba hataliona; na mwenye haki, pengine Mmakonde mzaliwa wa Unguja aliyevuka bahari kufuatilia urithi wa babu yake, ataambiwa njoo kesho.

Dawa ipo, wala si ya gharama kubwa. Kila jalada na lipewe lebo kadhaa: kijiji, wilaya ya zamani, wilaya ya sasa, mwaka. Likitafutwa kwa lolote kati ya hayo, litapatikana. Wako wanaodhani kwamba kuzipiga picha karatasi kunatosha. Picha ambayo kompyuta haijasomeshwa maandishi yake ni bubu, hasa ikiitwa kwa namba tupu.

Tunawasihi wakurugenzi wa halmashauri waianze kazi hii sasa, wakati makarani wastaafu wanaoikumbuka mipaka ya zamani wangali hai.