Kutazama Si Kuogelea Nao

Muhula uliopita, katika mjadala wa darasani, mwenzetu mmoja alituonyesha video kutoka Azori, visiwa vya Ureno katikati ya Bahari ya Atlantiki. Boti inalipita kundi la pomboo na kusimama mbele yao. Watalii wawili wanatumbukia majini, pomboo wanapita chini yao na kutoweka. Boti inawaopoa watalii, inazunguka, inawatumbukiza tena mbele ya kundi lile lile. Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga.

Sipingi utalii wa nyangumi. Katika kisiwa cha Pico, huko huko Azori, wanaume walikuwa wakiwinda kachaloti, nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, kwa kurusha chusa kwa mkono kutoka kwenye mashua. Mlinzi alikaa juu ya jabali na darubini yake. Akiona pumzi ya nyangumi, alirusha fataki, na wenzake waliacha kazi zao wakakimbilia ufukoni. Nyangumi wa mwisho aliuawa huko mwaka 1987. Leo walinzi bado wako juu majabalini, ila sasa wanamwelekeza nahodha wa watalii kwa redio. Ujuzi wa mababu haukutupwa, umepewa kazi nyingine. Hapo nawavulia kofia.

Lakini sheria ya Azori inayowakataza watalii kuogelea na nyangumi inawaruhusu kuogelea na pomboo. Kwa nini? Pomboo naye ananyonyesha, naye anahitaji kupumzika. Hispania, yenye visiwa vya Kanari katika bahari hiyo hiyo, iliweka kanuni mwaka 2007: usimsogelee mnyama chini ya mita 60, wala usiogelee ndani ya eneo hilo.

“Pomboo asipotaka ataondoka,” walinijibu. Ataondoka, ndiyo, lakini boti ina injini. Tumeiona sote kwenye video.

Wengine wakaja na hoja ya fedha: wenyeji watakula nini? Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Watalii wanalipa kumwona kachaloti akiinua mkia na kuzama, na hakuna anayeruhusiwa kumrukia majini. Kama kutazama kunatosha kwa kachaloti, kwa pomboo kunapunguza nini?

Tena wanaosema hivyo ni Waganda wenzangu! Kule Bwindi, watu wanane tu hulitembelea kundi moja la sokwe wa milimani kwa siku, kwa saa moja, wakisimama kando. Mwenye mafua hapelekwi. Wageni hulipa mamia ya dola kwa saa hiyo. Sijasikia aliyedai fedha zake kwa sababu hakumkumbatia sokwe.

Baada ya kipindi, mwenye video aliniuliza kama ningekataa kupanda boti ile bure. Nikamwambia ningepanda, nami ningekaa kwenye benchi hadi turudi bandarini.