HAKI SI MALI YA MAGENDO

Imezuka kasumba miongoni mwa baadhi ya watumishi wa umma, na inasikitisha kwamba hata walimu wachache wameambukizwa, ya kudai kuwa haki za raia ni mzigo wa Kizungu ulioingizwa nchini kama vitenge vya magendo vilivyopitishwa usiku mpakani Holili. Mwananchi anayetaka kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa huambiwa kwamba analeta mambo ya Ulaya na kuchelewesha maendeleo.

Hoja hiyo ni ya uvivu. Ni kweli kwamba John Locke wa Uingereza alitetea uhuru wa mtu huku akiwa na hisa katika kampuni iliyouza watumwa Waafrika. Ni kweli pia kwamba Wafaransa walitangaza mwaka 1789 kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa, na papo hapo wakaendelea kuwatumikisha watumwa katika mashamba ya miwa ya Haiti. Lakini watumwa hao hawakuutupa uhuru kwa kuwa bwana wao aliutaja kwanza. Waliasi mwaka 1791, na mwaka 1804 wakasimamisha dola yao wenyewe.

Sisi wa Himo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 ukafunguliwa mwaka 1983, na katika mwaka huo wa 1983 Serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo, wala hakuna mzalendo atakayewalilia. Hata hivyo, sheria iliyotungwa iliunda mabaraza maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili, wala dhamana, wala rufani katika mahakama za kawaida. Tena iliwakumba watu kwa vitendo vilivyotangulia kutungwa kwake. Katika utaratibu wa namna hiyo, mlanguzi mwenye ghala na mama mwenye debe la sukari ya matanga huweza kusimama mahali pamoja, pasiwe na wa kuwatenganisha.

Nani aliyesahihisha kosa hilo? Si Ulaya. Ni Bunge letu wenyewe, tena la chama kimoja, lililoifuta sheria hiyo mwaka 1984 na kuyarudisha makosa hayo Mahakama Kuu. Na mwaka huo huo likaziingiza haki za binadamu ndani ya Katiba. (Kwamba zilizuiwa kutumika mahakamani hadi mwaka 1988 ni jambo la kujutia.) Kabla ya hapo, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kumkataza kiongozi majivuno na uonevu.

Basi wanaojificha nyuma ya uzalendo wasome sheria wanazozitumia. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 humruhusu mkuu wa wilaya kuamuru mtu ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48, lakini si kwa hasira. Sharti awe na sababu ya kuamini kwamba amani itavunjwa, aiandike sababu hiyo, na mtu afikishwe mbele ya hakimu. Kumweka mahabusu mwalimu kwa kuwa wanafunzi wamefeli, au karani kwa kuwa amechelewa kikaoni, ni unyapara uleule tuliouondoa mwaka 1961. Afisa anayetoa amri ya namna hiyo na aulizwe, mbele ya watu, karatasi aliyoandikia sababu yake iko wapi.