Sindano ya Urembo

Siku hizi simu za mkononi zatuletea, hata huku Masisi na Walikale, picha za nyuso zilizojazwa kwa sindano: midomo iliyonenepeshwa, mikunjo iliyofutwa. Hatumkatazi mtu kujipamba. Lakini yafaa tujue kitu gani huingizwa mwilini.

Dawa itumiwayo sana ni ute mzito uitwao asidi ya hayaluroniki. Mganga aliyesomea kazi hiyo huuweka chini ya ngozi, nao huyeyuka polepole kwa miezi mingi. Ukiingia katika mshipa wa damu, huuziba. Ngozi hupauka, huuma sana, kisha hufa. Na mshipa uendao machoni ukizibwa, mtu aweza kupofuka. Iko dawa ya kuyeyusha ute huo, hayaluronidazi, lakini haina budi kuwa tayari palepale. Nani ataifuata Goma kutoka Walikale, kwa barabara tuijuayo? Silikoni ya maji ni mbaya zaidi, maana haina dawa ya kuiyeyusha.

Tena iko hatari ya sindano yenyewe. Tusisahau Yambuku, mwaka 1976, nchi yetu ilipoitwa Zaire. Katika hospitali ya misioni yalitolewa mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi, yakatumiwa kwa wagonjwa wengi, yakisuuzwa kwa maji. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, masista na wauguzi wakiwamo. Hawakukusudia ubaya, lakini nia njema haisafishi sindano.

Basi, mama, binti, nawe kijana, kabla ya sindano yoyote, ya uso au ya homa, ulizeni mambo manne. Ni nani anayechoma, naye alisomea wapi? Jina la dawa na tarehe ya mwisho wake vimeandikwa? Sindano ni mpya, imefunguliwa mbele ya macho yenu? Likitokea baya, dawa ya kuokoa iko hapa? Jibu moja likikosekana, fungeni mkoba, mwende zenu.

Na aliyekwisha kuchomwa, akiona ngozi inapauka au inakuwa nyeusi, au giza machoni, akimbilie hospitali saa ileile. Nasi jirani tusimcheke. Kicheko chetu ndicho kitakachomficha nyumbani mpaka jicho lipotee.