Mlezi amekwenda shule, mtoto amebaki na nani?

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi hiyo kila jamii ina njia yake ya kuifanya, na hapo zamani kila jamii iliifanya kwake, mbali na macho ya jirani wa kabila jingine. Siku hizi njia hizo zote zimekutana katika ua mmoja, zinatumia mfereji mmoja na kamba moja ya kuanikia nguo.

Ua huo, mpenzi msomaji, unaweza kuuona Kihoto, mtaa ulio kati ya mji wa Naivasha na ziwa. Tangu kilimo cha maua kianze kustawi kandokando ya ziwa hilo miaka ya 1970, watu wamemiminika Naivasha kutafuta kazi kutoka Kisii, Kericho, Nyanza, Magharibi na Mkoa wa Kati wa zamani. Wengi wao hawakuwa na shamba wala jamaa huko. Walipanga chumba kimoja kimoja, wakaoana, wakazaa. Ndiyo maana katika ploti moja utawakuta Mgusii, Mkipsigis, Mluo, Mluhya na Mkikuyu, kila mmoja amekuja na sufuria zake na malezi yake.

Sufuria haziwagombanishi sana. Malezi ndiyo huwagombanisha. Mama mmoja humwona mwenzake akimnyonyesha mtoto bila kumsemesha, akajiambia moyoni, "Huyu hampendi mwanawe." Mwingine humwona jirani akimfunza mtoto wa miezi mitano kukaa, amemwegemeza kwa blanketi pande zote, naye huguta: "Mama Chebet, utamvunja mtoto mgongo!" Wa tatu humwona mvulana wa miaka tisa akimbembeleza nduguye mchanga, akacheka: "Mama Otieno, huyu umemgeuza msichana?"

Je, nani kati yao ana haki? Bahati nzuri ni kwamba maswali haya yalianza kuchunguzwa zamani. Wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu inayochunguza binadamu na mila zake, wameishi katika vijiji vya Kenya miaka mingi wakiangalia jinsi watoto wanavyolelewa. Hebu tuone walichokuta.

Tuanze na Wagusii. Mmarekani Robert LeVine alifika kwao miaka ya 1950, akarudi na wenzake katika miaka ya 1970, na kitabu chao juu ya malezi ya Wagusii kikatoka mwaka wa 1994. Waliwalinganisha akina mama wa Kisii na wale wa mji wa Boston huko Marekani. Mama wa Boston alizungumza na mtoto wake mchanga mchana kutwa, akimtazama machoni, akimsifu na kumwuliza maswali ambayo mtoto hawezi kuyajibu. Mama Mgusii alisema na wake kidogo sana, wala hakumkodolea macho. Lakini mtoto alipolia, Mgusii alimwahi upesi kuliko Mmarekani, akambeba, akamnyonyesha na kumtuliza. Usiku alilala naye.

LeVine hakusema kwamba huyu anampenda mwanawe na yule hampendi. Alisema kila mmoja ana shabaha yake. Wagusii walitoka katika hali ambapo watoto wengi walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mama ilikuwa kumweka mtoto hai na mtulivu. Maneno angeyapata baadaye kwa ndugu zake. Mama wa Boston, ambaye hofu hiyo ilikwisha kumtoka, alimwandaa mwanawe kwa dunia ya shule na ofisi, ambako asemaye ndiye apataye. Isitoshe, kwa Wagusii kumkazia mtu macho ni kukosa adabu. Mwalimu anayemfokea mtoto, "Nitazame ninaposema nawe!" huenda anamwamuru avunje heshima aliyofunzwa nyumbani.

Sasa twende kwa Wakipsigis. Katika miaka hiyo ya 1970, Sara Harkness na mumewe Charles Super waliishi katika kijiji kimoja walichokiita Kokwet. Waliona kwamba akina mama na watoto wakubwa walimfunza mtoto mchanga kukaa, pengine kwa kumweka katika kishimo kilichochimbwa ardhini na kutandikwa blanketi, kisha wakamfunza kutembea kwa kumshika mikono. Watoto hao walikaa na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafunza, hawakuwatangulia wenzao. Kwa hiyo mgongo wa mtoto wa Mama Chebet hauna neno. Anafunzwa tu kile ambacho kwao huhesabiwa kuwa somo.

Na usingizi je? Mtoto wa Marekani wa miezi minne aliweza kulala kwa muda wa saa nane bila kuamka, kwa kuwa wazazi wake walihitaji kuamka mapema kwenda kazini na walimzoesha hivyo. Wa Kokwet alilala ubavuni mwa mama, akaamka kunyonya mara kadha usiku, na hakuna aliyeona hiyo ni shida. Hapa nawaomba akina mama wa Kihoto watulie kidogo. Wao wanalala na mtoto kama mama wa Kokwet, lakini alfajiri wanatakiwa kazini kama mama wa Boston. Uchovu walio nao si uzembe. Ni ratiba mbili za dunia mbili zilizokutana katika kitanda kimoja.

Harkness na Super walikuta pia neno ambalo kila mzazi wa mjini angefaa kulijua. Wakipsigis humwita mtoto mwerevu ng'om. Lakini kwao mwerevu hasa ni yule anayeona kuni zimekwisha akaenda kutafuta bila kutumwa, au anayemtunza mdogo wake vizuri mama akiwa mbali. Werevu wa shuleni walikuwa wakiutaja kando, kama kitu kingine. Watoto wa kijiji hicho walipoombwa na mtu mzima wasimulie hadithi waliyosikia, wengi walinyamaza kimya. Mgeni angedhani ni wajinga. Kumbe mtoto huyohuyo angetumwa mbali na ujumbe au mzigo, akaufikisha bila kosa. Kunyamaza mbele ya mkubwa ilikuwa adabu, na hakuna aliyekuwa amemfunza kumhutubia mtu mzima.

Na yule mvulana wa Mama Otieno anayechekwa? Katika miaka ya 1960, mtaalamu Carol Ember alichunguza watoto Waluo karibu na Oyugis. Kule, nyumba iliyokosa msichana wa umri unaofaa ilimpa mvulana kazi za ndani na ulezi wa mtoto. Ember aliona kwamba wavulana waliofanya kazi hizo hawakuwa wagomvi kama wenzao, na walikuwa wepesi wa kuwajali wengine. Basi anayemcheka mvulana huyo ajiulize angependa binti yake aje kuolewa na mwanamume wa namna gani.

Tukifika hapa, wasomaji wengi watasema somo limekwisha: kila ndege huruka kwa ubawa wake, tuheshimiane. Ni kweli, tuheshimiane. Lakini ukizitazama mila hizi tena, pamoja na tofauti zake zote, utaona zinakubaliana katika jambo moja kubwa, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Wagusii wana neno omoreri. Waluo wana japidi. Wakipsigis wana cheplakwet. Wakikuyu wana mureri. Maneno yote manne yanamtaja mtu mmoja: yule anayemshika mtoto wakati mama yuko shambani, mara nyingi dada au binamu wa umri wa miaka sita hadi kumi. Hata Kiswahili chetu kina mlezi, na sikio lako litakuambia kwamba mlezi, mureri na omoreri ni watoto wa tumbo moja. Katika jamii hizi zote, hapakuwa na mama aliyetazamiwa kulea peke yake. Alikuwapo mlezi, na alikuwapo nyanya ua wa pili akiwaangalia wote wawili.

Sasa mlezi huyo yuko wapi? Amekwenda shule. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka darasani kote nchini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Hilo ni jema, na asitokee mtu wa kutuambia tumrudishe binti nyumbani ashike mtoto. Nyanya naye amebaki Kisii au Nyeri, safari ya nauli nzito. Tumemwondoa mlezi, na hatukukaa chini kuulizana nani atashika zamu yake.

Huko Kihoto swali hili hujibiwa kila siku alfajiri, kabla ya magari ya kampuni kuwachukua wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Miezi mitatu iliyobaki katikati ni ya nani? Wengine humpeleka mtoto kwa mama anayelea watoto chumbani mwake kwa malipo ya kutwa. Wengine humwacha kwa jirani. Wengine humtuma kwa nyanya mashambani, wakaja kumzoea upya akiwa na miaka minne. Na wapo, tuseme ukweli, wanaomfungia ndani na kumwomba Mungu. Kazi nayo huzidi Februari inapokaribia kwa sababu ya siku ya wapendanao, kisha huzidi tena kabla ya sikukuu ya akina mama huko Uingereza, ambayo kwa kawaida huangukia Machi. Maua ya kumshukuru mama wa mbali yanafungwa na mama ambaye hana hakika wa kwake amekula.

Juu ya hayo, ziwa lenyewe halina urafiki. Lilifura mwaka wa 2020 na tena 2025, maji yakaingia Kihoto na familia nyingi zikahama. Familia ikihama hivyo haipotezi chumba peke yake. Humpoteza pia yule jirani aliyekuwa akiachiwa mtoto.

Tufanye nini basi? Kwanza, wazazi wa ploti moja wakae pamoja, waulizane waziwazi nani anamshika mtoto wa nani, kwa malipo gani, na saa ngapi. Watu wanaoweza kuunda chama cha kununuliana vyombo wanaweza kuunda chama cha kulipia mlezi mmoja mtu mzima. Pili, unayempeleka mtoto kwa mlezi wa kulipwa, mtembelee siku asiyokutarajia. Hesabu watoto aliowashika. Angalia kama jiko la makaa linawaka ndani ya chumba kilichofungwa, na kama kuna ndoo ya maji wazi ambapo mtoto anaweza kutumbukia. Uliza pia ni nani anayewasemesha, maana mtoto wa Kisii wa zamani alipata maneno kwa kundi la ndugu, na aliyelala kutwa kwenye godoro hana kundi hilo.

Tatu, tumieni sheria. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha na kumpa nafasi ya kufanya hivyo. Haki isiyoulizwa hubaki kwenye karatasi. Nne, akina baba, mtoto si wa mama peke yake. Ikiwa mvulana wa Oyugis aliweza, baba mwenye ndevu hashindwi.

Mwisho, kubalianeni kuhusu kurudi watoto wa wenzenu. Zamani mkubwa yeyote alimchapa mtoto yeyote. Leo Katiba ya 2010 inakataza adhabu ya viboko, na kofi la jirani wa kabila jingine huchukuliwa kuwa la kabila zima. Naivasha haijasahau Januari 2008, jirani alipomgeukia jirani. Kumwonya mtoto kwa maneno ni ruhusa kwa kila mtu mzima wa ploti. Mkono ubaki mfukoni.

Kwa Kikuyu, kihoto ni hoja yenye haki, ile inayomshinda mtu bila fimbo. Mtaa wenye jina hilo unastahili mazungumzo ya namna hiyo. Mtu anayekuachia mwanawe amekuamini kuliko anayekukopesha pesa, na mtoto aliyeshikwa vizuri na mama wa kabila jingine hatakuja kuambiwa kwa urahisi kwamba watu wale ni adui. Kesho alfajiri, kabla ya kugongea jirani mlango na mtoto mkononi, muulize kwao mlezi huitwaje. Mtaanzia hapo.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.