Saratani ya Titi Ikifika kwenye Ini: Kupona na Kutibiwa

Tunapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, kuanzia vilima vya Umatengo hadi vijiji vya wavuvi wa usipa kandokando ya Ziwa Nyasa, hukutana nasi kauli moja: “Wametuambia haiponi.” Baada ya kauli hiyo familia nyingi huacha dawa na kumtafuta mganga, au mhubiri anayeahidi miujiza. Lugha yetu, hata hivyo, hutofautisha kupona na kutibiwa, na katika ugonjwa huu tofauti hiyo ni ya uhai.

Saratani ya titi iliyofika kwenye ini bado ni saratani ya titi. Chembe zake zimesafiri kwa njia ya damu na kuota mahali papya, hivyo hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi. Mgonjwa huweza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda, au tumbo kujaa maji. Macho yakigeuka manjano, ni rahisi kudhani ni homa ya ini na kuanza kuchemsha mizizi.

Hatua hiyo kwa kawaida haiponi, na daktari asemaye hivyo asema kweli. Pasipo tiba, maisha yaliyobaki mara nyingi huhesabiwa kwa miezi. Kwa tiba kamili, wapo waishio miaka miwili au mitatu, na wachache zaidi. Mengi hutegemea kipimo cha kipande cha uvimbe. Kikionyesha kwamba saratani inalishwa na homoni, kidonge cha tamoxifen, ambacho si ghali, huweza kuizuia kwa muda. Nyingine huwa na protini iitwayo HER2, nayo ina dawa yake, trastuzumab, yenye bei ya kutisha. Wengi huhitaji pia tibakemikali kwa dripu. Lakini ini likishachoka, daktari hulazimika kupunguza dozi au kuziacha. Ndiyo maana wiki chache za kusitasita zina gharama kubwa.

Na kusitasita kwetu kuna sababu. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka Songea, na Mbinga ni mbele zaidi. Lami iliyofika Mbamba Bay imepunguza adha, lakini dozi hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 3. Uvimbe ukigunduliwa Februari, fedha ya kahawa bado iko shambani hadi mavuno ya katikati ya mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, inatupa matumaini. Ila bima ikilipia dawa, nauli na malazi ya miezi kadhaa hubaki mzigo wa familia. Tungependa kuona hospitali za huku kwetu, zikiwemo Litembo na Peramiho, zikiwezeshwa kwa wataalamu na dawa, ili dozi inayoweza kutolewa karibu itolewe karibu.

Je, familia iuze shamba lote? Swali hili huulizwa kwa kunong’ona, kana kwamba ni dhambi kuliuliza. Kanisa halimlazimishi mtu tiba yenye mzigo usiolingana na faida inayotazamiwa. Lisiloruhusu ni kumtelekeza mgonjwa. Barua ya Samaritanus Bonus ya mwaka 2020 inasisitiza kwamba asiyeweza kuponywa bado anastahili kuhudumiwa. Kutuliza maumivu ni sehemu ya huduma hiyo: tangu mwaka 1957 Papa Pius XII alifundisha kwamba dawa kali za maumivu ni halali. Kwa hiyo anayeombewa morfini ya kunywa haharakishwi kufa, wala ndugu zake hawajakata tamaa. Wanajumuiya wakichangia nauli ya kuifuata hospitalini, wametenda tendo la huruma sawa na kuchangia jeneza, tena kwa wakati wake.

Inabaki desturi ya kumficha mgonjwa. Mara nyingi ukoo mzima unajua, naye peke yake hajui. Twaona hapo ananyimwa haki yake, hata kama ni kwa upendo. Mama aliyeambiwa kweli hupata nafasi ya kupanga nani alee watoto, kubariki ndoa iliyongoja miaka mingi, kupatana na shemeji waliyekosana kwa ajili ya mpaka, na kupokea Mpako wa Wagonjwa akiwa bado anaitikia sala kwa kinywa chake.