Chumvi, Sukari na Maji ya Mtoto

Mtoto anapoharisha, akina mama, twayaona maji yakimtoka; kinachofichika ni chumvi iendayo pamoja nayo. Seli za mwili huishi katika maji yenye chumvi kwa kadiri maalumu, na figo huilinda kadiri hiyo usiku na mchana. Lakini figo huweza kuzuia mkojo tu. Kilichokwisha kupotea haziwezi kukirudisha.

Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, tuchukue lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visivyofurika. Sukari haikuwekwa kwa utamu: katika utumbo yeye na chumvi huingia pamoja, na maji huzifuata.

Tuna neno na wenzetu waongezao chumvi ati dawa ikaze. Chumvi ikizidi katika damu huyavuta maji kutoka ndani ya seli, hata za ubongo, na mtoto huweza kushikwa na degedege. Tuonje kwanza, isipite chumvi ya machozi.

Kunyonyesha kusikatizwe. Macho yakididimia, mkojo ukikatika, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.