Pumzi Husaidia Subira, Haichukui Mahali pa Dawa



Mwezi uliopita nililetewa barua na mama mmoja wa Bunda. Binti yake, mwenye umri wa miaka 12, ana ugonjwa wa selimundu, huu ambao wengi wetu twauita sikoseli. Maumivu yamjiapo mtoto huyo hulia usiku kucha, akishika mapaja na mgongo. Jirani mmoja kijana, aliyejifunza mambo ya yoga, amemwonyesha binti namna ya kuvuta pumzi polepole na kuishusha polepole zaidi, na mama asema kuwa mtoto afanyapo hivyo kilio hupungua. Sasa auliza mambo mawili. Je, jambo hili lina ukweli, au ni mchezo wa fikira tu? Na je, lafaa kwa Muislamu, maadamu yoga asili yake ni katika dini ya Wahindu?

Nitayajibu yote mawili, kisha nitaongeza la tatu ambalo mama huyu hakuliuliza, nalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko hayo mawili.

Yatupasa kwanza tufahamu maumivu ni kitu gani. Mguu ukichomwa na mwiba, habari yake husafiri kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo hupanda hata ubongoni. Na huko ndiko mtu atambuapo kuwa ameumia. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza ya kuwa katika uti wa mgongo pana kitu mfano wa mlango: habari za maumivu hupita nyingi au chache kwa kadiri mlango ulivyo wazi, na ubongo wenyewe huweza kutuma amri ya kuurudisha mlango huo. Elimu hiyo imeongezwa mambo mengi tangu hapo, lakini jambo moja limebaki: jeraha lilelile haliwaumi watu wote sawasawa, wala halimuumi mtu mmoja sawasawa kila saa. Mwenye hofu huumwa zaidi, na mwenye kukesha huumwa zaidi.

Basi pumzi yaingiaje hapo? Mtu aliyeshikwa na maumivu hupumua mbiombio, kwa juu juu. Moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa, na kukakamaa huko ni maumivu mengine juu ya yale ya kwanza. Akiishusha pumzi taratibu, moyo hupunguza mwendo, misuli hulegea, na fikira iliyokuwa imeganda pale panapouma hupata kazi nyingine ya kufanya. Ugonjwa haujaondoka, lakini hofu iliyokuwa ikiuchochea imeshuka.

Na haya yamepimwa. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya watu 14 waliozoea yoga kwa miaka mingi, wakalinganishwa na wengine 14 wasioijua. Walipotiwa katika baridi yenye kuumiza, wale wazoefu walistahimili kwa muda uliozidi mara mbili ya wenzao. Kadhalika Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 juu ya uzazi, limeyataja mazoezi ya kupumua na kulegeza mwili miongoni mwa mambo yanayoweza kumsaidia mwanamke mwenye uchungu, akipenda mwenyewe. Kwa hiyo, ewe mama wa Bunda, aliyoyaona jicho lako si mchezo wa fikira.

Ama swali la pili, mimi ni mwalimu wa chuo tu, wala si mufti; mwenye kutaka fatwa na aende kwa wanavyuoni. Lakini nionavyo, yoga ni jina moja lenye vitu vingi ndani yake. Yamo maneno ya ibada za watu wengine na yamo maamkio ya jua. Hayo Muislamu na ayaache kwa wenyewe, bila ya matusi. Zimo pia pumzi na kunyoosha viungo, na hivyo havina dini. Pumzi Mwenyezi Mungu amempa kila mja, wala hapana kabila wala taifa liwezalo kusema kuwa ni mali yake.

Mwaka 2001 wataalamu wa Italia waliwapima watu waliokuwa wakisoma sala za rozari kwa Kilatini, kisha wakawapima wakisema maneno ya yoga. Mambo hayo mawili hayana udugu hata kidogo. Lakini yote mawili yaliishusha pumzi ikawa kama mara sita kwa dakika moja, na mapigo ya moyo yakafuata utaratibu. Nami nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, nikakumbuka darasa langu. Mtoto anayefundishwa tajwidi hufundishwa kwanza pumzi: aivute wapi, aitumie kwa uchumi, asimame wapi. Huja chuoni akihema kwa kukimbia njiani, na baada ya kurasa mbili za kusoma kwa utaratibu hutulia kama maji ya mtungini. Twaifanya kazi hii kila siku, ila hatukuipa jina.

Sasa niingie katika lile la tatu, nalo ni kosa langu mwenyewe. Nalisimulia ili lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi hapa Musoma, mtoto wa kiume wa miaka 10, mwenye ugonjwa huohuo. Asubuhi za upepo wa ziwani alikuja akichechemea. Nilimhurumia, nikamfundisha kushusha pumzi kwa kadiri ya aya fupi, kila maumivu yajapo. Alijifunza upesi. Hakulia tena darasani, nami nikamsifu mbele ya wenzake, nikawaambia, "Mtazameni huyu, ndiye mwanamume." Sikujua kwamba sifa hiyo nimemfunga nayo mdomo.

Siku moja alikaa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, akipumua kama nilivyomfundisha. Nilifurahi kumwona. Kumbe kifua kilikuwa kikimuuma tangu alfajiri, na homa imempanda. Baada ya adhuhuri niliona midomo yake imebadilika rangi, na ile pumzi niliyodhani ni ya utulivu imekuwa fupi fupi. Tukampakia pikipiki, katikati ya mtu na mtu, tukamkimbiza hospitali. Daktari akatuambia ugonjwa umeingia mapafuni, na kwamba tumechelewa saa nyingi. Akawekewa hewa ya oksijeni, akapewa dawa, akaongezewa damu. Alilazwa siku tisa. Alhamdulillahi, alipona. Mama yake alipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mwalimu alisema mwanamume hasemi." Maneno hayo sikuyasema, lakini niliyoyasema yalifanana nayo, na mtoto aliyafahamu vile yalivyokuwa.

Ndugu wasomaji, tuutazame ugonjwa wenyewe, nasi tutaona kosa lilipo. Mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu yake hujikunja mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Mahali palipozibwa hukosa hewa, nako kukosa hewa ndiko kunakouma. Pumzi ya polepole humtuliza mtoto, lakini haiuzibui mshipa ulioziba. Huko Marekani walichunguzwa watoto na vijana 73 wenye ugonjwa huu waliolazwa kwa maumivu, na habari yao ikachapishwa mwaka 2017. Waliofanyishwa yoga walipunguziwa maumivu kidogo baada ya kipindi kimoja. Lakini siku za kulazwa hazikupungua, wala dawa za maumivu walizohitaji hazikupungua. Hicho ndicho kipimo cha haki cha jambo hili: ni msaada wa kweli, nao ni mdogo, na kazi yake si kazi ya dawa.

Sisi watu wa Mara twahitaji kuonywa zaidi, kwani nchi yetu yaujua sana ustahimilivu na yausifu. Wazanaki wa Butiama walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele, na Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, alichongwa meno yake kwa desturi hiyo. Wakurya wa Tarime humtaka kijana asipepese jicho siku ya kutahiriwa. Mafunzo hayo yalikuwa na siku yake na mwisho wake: kisu kikiisha kuondoka, jeraha hufunga. Selimundu si kisu cha siku moja. Mtoto akifundishwa kunyamaza kila siku kama aliye jandoni, atanyamaza hata siku ile ambayo kunyamaza ni kufa. Na huyo Mwalimu Nyerere aliyestahimili kuchongwa meno, alipopatwa na saratani ya damu hakusema kuwa ustahimilivu watosha. Alitafuta tiba mpaka London, na huko ndiko alikofariki tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa Butiama.

Katika historia yetu Waislamu tunaye Urwa bin Zubeir, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Madina. Imepokewa kwamba mguu wake uliingiwa na ugonjwa wa kuoza, matabibu wakaona hapana budi ukatwe. Wakataka kumpa kinywaji cha kumpoteza akili, akakataa. Akawaambia waukate naye yumo katika kumkumbuka Mola wake. Kisa hiki twakisimulia sana misikitini, nasi husimama pale kwenye subira yake. Lakini tutazame vema: Urwa alikubali kukatwa. Hakusema, "Mimi nina subira, basi niacheni na mguu wangu." Subira yake ilimfikisha kwenye tiba, haikumzuia nayo. Na Mtume wetu, s.a.w., ametuamrisha tujitibu. Asubiriye bila ya kujitibu hali tiba ipo, ameshika nusu ya amri na kuiacha nusu.

Basi na tufanyeje nyumbani? Mtoto afundishwe pumzi siku ya uzima, si usiku wa maumivu, kwani anayezama hafundishiki kuogelea. Akae au alale, mkono juu ya tumbo. Avute hewa kwa pua kwa hesabu ya tatu, tumbo liinuke; aishushe kwa mdomo kwa hesabu ya sita, kama apozaye uji. Dakika tano zatosha, na mama apumue pamoja naye. Asibane pumzi ndani, wala asipumue kwa nguvu na haraka kama wafanyavyo wengine katika mazoezi makali, kwani mwenye selimundu hafai kupungukiwa hewa. Akisikia kizunguzungu, aache. Pamoja na pumzi apewe maji ya kutosha, afunikwe asipatwe na baridi, apewe na dawa ya maumivu aliyoandikiwa.

Kisha, na hili ndilo nililolisahau mimi, aulizwe. Kila baada ya pumzi hizo dakika tano, mama amwulize: "Panauma wapi, na kwa kiasi gani?" Naye aonyeshe kwa vidole vya mikono, kuanzia kimoja hata kumi. Mtoto aliyetulia huweza kujibu vizuri kuliko aliaye, na hiyo ni faida nyingine ya pumzi. Lakini yakiwapo haya yafuatayo, pasiwe na kungoja hata kidogo: homa, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupauka ghafla, mkono au mguu kulegea, mdomo kupinda au maneno kumpotea, na maumivu yasiyopungua kwa dawa. Hapo ni safari ya hospitali saa ileile, iwe usiku au mchana, na ile pumzi aifanye njiani.

Tena asiache kliniki. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea, na uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa ilipunguza maumivu na vifo pia. Daktari ndiye ajuaye nani apewe na kwa kipimo gani. Na vijana wanaotaka kuoana na wapime damu zao mapema. Kwani wazazi wote wawili wakiwa wameibeba asili ya ugonjwa huu, ingawa wao wenyewe ni wazima, kila mtoto wamzaaye ana nafasi moja katika nne ya kuupata. Kuijua damu yako si aibu, wala si kumkosea mchumba.

Ewe mama wa Bunda, mwache binti yako apumue, na umshukuru jirani yako kwa wema wake. Lakini usimsifu binti kwa kunyamaza. Msifu kwa kusema. Yule mwanafunzi wangu sasa ni kijana, bado yuko chuoni, na kila akija huniambia bila ya kungoja kuulizwa: "Mwalimu, leo vidole vitatu," au, "Leo sita." Siku ya sita nafunga daftari, tunakwenda zetu hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi wazima masikio ya kuwasikia.

Wassalaam.